Mshono Wangu Unamtetea Aliyetuibia

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na nakuomba usiiruke barua hii kwa urefu wake, maana jambo lenyewe limenikaa kooni wiki mbili sasa na nyumbani kwangu hakuna wa kumwambia, kila mtu amekwisha kuchukua upande na upande wenyewe si wangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mke wa mtu, mama wa watoto watatu wanaojitegemea, na kazi yangu ni kushona vitabu. Usicheke. Watu wakisikia "fundi wa maktaba" wanadhani natengeneza viti. Nipo maktaba ya umma, chumba cha nyuma kabisa, mlango wa kupokelea mizigo uko mkono wa kulia na dirisha langu moja linatazama vyoo, na humo nina meza, msharasi wa kutobolea, sindano, nta, uzi na jiwe la kukandamizia, na kitabu kikichanika kinaletwa kwangu na kinatoka kimekaza, hata ukikirusha ukutani hakiachii ukurasa. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Nina vyeti viwili vya mfanyakazi bora, vimetundikwa juu ya kabati, na kila asubuhi nilikuwa nikivitazama natabasamu peke yangu, mjinga mimi.

Sasa sikiliza. Miaka tisa iliyopita maktaba zote za umma za huku zilipata msambazaji mpya wa vitabu, kampuni kubwa yenye magari yaliyopakwa rangi, na wakala anayezunguka kuchukua oda ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye tumempa jina la Bwana Katalogi kwa sababu hata msibani anakuja na katalogi kwapani. Shemeji huyu nampenda, sitaki kukudanganya. Mume wangu alipovunjika mguu ndiye aliyekaa naye wodini siku kumi na moja mimi nikiwa nimenyimwa ruhusa kazini, alimwogesha, alimlisha, hakulalamika hata siku moja.

Basi vitabu vya kampuni yake vikaanza kuja, jalada gumu linalong'aa, ukikipokea unasema hiki kitasomwa na wajukuu, lakini kikiazimwa mara mbili, ya tatu kinarudi kurasa zimeshikiliwa na imani tu. Na mimi ndiye ninayepokea masanduku kwa sababu mlango uko jirani na meza yangu, natia sahihi kwenye hati ya dereva, pale palipoandikwa kwamba mzigo umekaguliwa na uko kama ulivyoagizwa, na Mshauri, sijawahi kukagua zaidi ya kuhesabu, na ulivyoagizwa sijawahi kujua, maana mkataba unakaa ofisini kwa Mkuu na mimi nakaa na masanduku.

Kurasa zilipoanza kudondoka nikawalaumu wasomaji. Nilisema watu wa siku hizi hawana adabu na kitu cha umma, wanasoma huku wanakula, wanakunja kitabu kama godoro. Wengi niliwagombeza, hata mtoto aliyekuja na kikaratasi cha nyumbani kwamba ukurasa wa hesabu umepotea, lakini mmoja ndiye asiyenitoka moyoni. Ni fundi viatu mwenye kibanda mkabala na geti letu, msomaji kweli kweli, kila jioni akifunga kazi ananawa mikono bombani kwetu kabla ya kushika kitabu. Miaka mitano iliyopita alirudisha riwaya ya upelelezi amekifunga kitabu kizima kwa kamba ya kiatu, kurasa zinachungulia huku na huku, nami nikapandwa na hasira mbele ya foleni nzima.

"Dada, mimi sikukichana," akaniambia taratibu. "Hiki kitabu hakikushonwa, kimebandikwa. Tazama hapa mgongoni. Mimi nabandika soli kila siku, gundi naijua hata kwa harufu."

"Hapa ni maktaba, si kibanda cha viatu!" nikamjibu.

"Sawa dada. Basi niambie tu muuaji ni nani, maana kurasa za mwisho zimenidondokea kwenye dimbwi."

Foleni ikacheka, nami nikadhani nachekwa mimi. Nikachukua daftari la vitabu vilivyoharibika nikaandika kwa mkono wangu kwamba msomaji anadai kitabu hakikushonwa, dai limekataliwa, nikamtoza, nikamnyang'anya kadi. Hajarudi mpaka leo. Nikipita pale asubuhi natazama upande wa pili wa barabara.

Baada ya hapo nikaona niwe mjanja, nisisubiri vichanike. Kikifika kitabu kipya nakivua jalada taratibu, nakishona, nakirudishia jalada, ndipo kinakwenda kwenye rafu. Sikumwambia mtu. Mkuu alijua nakarabati vilivyochakaa, hakujua nashona na vipya, na nilipenda iwe hivyo, ilikuwa siri yangu na meza yangu. Siku moja Bwana Katalogi alinikuta nikikishona kitabu ambacho hata muhuri wetu haujakauka, akasimama mlangoni akanitazama muda mrefu, nikadhani ananionea huruma. Wiki iliyofuata akaniletea katoni ya uzi mzuri na pakiti mbili za sindano. "Shemeji, zawadi yako," akasema. "Mikono kama hii haifai kukosa uzi." Tangu siku hiyo kila mwaka katoni. Nilimwombea dua, Mshauri. Nilimwombea dua mtu huyo kwa jina lake.

Mwaka jana Mkuu wetu, mama mmoja asiyependa kelele hata akiwa nje ya maktaba, alikwenda duka la vitabu kumtafutia mpwa wake zawadi, akakuta kitabu kilekile tunachouziwa sisi, jalada laini tu, kwa bei inayokaribia nusu ya yetu. Hakununua zawadi. Alirudi ofisini akapiga simu kwa wakuu wenzake mmoja mmoja, na kwa pamoja, maktaba kumi na moja, wakaenda mahakamani kudai warudishiwe kilichotozwa zaidi. Wakatuita watumishi wote kwenye ukumbi wa kusomea, wakili wetu, binti mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akatusomea mkataba, na alipofika mahali pasemapo kila kitabu kitakuwa toleo la maktaba, kurasa zikiwa zimeshonwa kwa uzi kiwandani, nikaweka kikombe chini nikavitazama vidole vyangu.

Kumbe ile bei ya juu ilikuwa bei ya mshono! Maktaba inalipia mshono, inaletewa gundi, halafu mimi naushona upya chumba cha nyuma, kwa macho yangu haya yaliyokwisha, kwa uzi niliopewa na walewale waliotuibia. Nilitamani kupasua kitu.

Ngoja, hujasikia baya zaidi. Zile maktaba nyingine kumi hazina fundi. Vitabu vyao vilivyoachia kurasa walivifuta kwenye orodha wakaviuza kwa kilo kama karatasi chakavu, hawana cha kuonyesha isipokuwa rafu zenye mapengo. Kampuni inasema hayo mapengo ni uzembe wenu, sisi tulileta vilivyoshonwa. Jaji akaagiza ukaguzi ufanyike kwetu, kwenye vitabu vizima, mbele ya pande zote mbili.

Wakili wao alikuja na kisu kidogo na kioo cha kukuzia. Akachagua vitabu ishirini mwenyewe, rafu yoyote aliyotaka, akavifungua migongo kimoja kimoja juu ya meza ya watoto, na kila akifungua anasema, "Uzi upo. Uzi upo. Uzi upo." Bwana Katalogi alikuwa amesimama nyuma yake. Kwenye kitabu cha kumi na mbili wakili akasema, "Kazi safi sana hii, kiwanda hakikudanganya," na Mungu anisamehe, Mshauri, kwa nukta moja nilisikia fahari. Kisha nikamwona Mkuu ameinamisha kichwa, nikaona wakuu wenzake wanatazamana, nikatamani ardhi inimeze.

Maana mtu wa kazi yangu akitupia jicho tu anajua. Kiwandani karatasi hukunjwa na uzi hupita kwenye mkunjo, katikati. Kitabu cha gundi hakina mkunjo, ni karatasi zilizokatwa moja moja zikapakwa gundi mgongoni, kwa hiyo sina pa kupitisha uzi katikati, natoboa ubavuni, matundu saba, nafunga fundo kwa ndani. Ule mshono ni wa kitabu kilichokuja bila mshono. Vyote ishirini vilikuwa vyangu. Lakini wakili wao alitafuta uzi akaupata, wakili wetu hajui ubavu wala katikati, na mimi niliyejua nilikuwa nimesimama pale na sinia la vikombe, nikanyamaza.

Jioni ile Bwana Katalogi akaja nyumbani na mama mkwe. Hakuna aliyegusa chai.

"Shemeji, hakuna anayekuomba useme uongo," akaanza. "Wakikuuliza, sema tu hukumbuki. Vitabu maelfu vimepita mikononi mwako, nani atakumbuka?"

Nikamwuliza, "Wewe ulijua?"

"Mimi ni mtu wa oda. Nauza nilichopewa."

"Na uzi?"

Akatazama viatu vyake. "Uzi ni zawadi. Lakini ukianza kusema, na mimi itabidi niseme nilikuwa nakuletea. Watauliza kwa nini fundi wa maktaba apokee mzigo, atie sahihi kwamba uko sawa, halafu apewe uzi na kampuni. Utawajibu nini?"

Mama mkwe akadakia, "Mwanangu huyu alikuuguzia baba wa watoto wako. Damu nzito kuliko maji, mke wa mwanangu. Vitabu vya serikali vina mwenyewe?" Nikamgeukia mume wangu, naye akasema, "Mimi hapo siingii, huyu mdogo wangu na wewe mke wangu," akaendelea kubonyeza simu ambayo nilijua haina chaji.

Tangu ukaguzi ule watu wa kampuni wanasema wakishinda watadai maktaba ziwalipe gharama za kesi, na Mkuu wetu ametuambia hilo likitokea mbili kati ya zile ndogo zitafungwa. Alhamisi natakiwa kwa wakili wetu kutoa maelezo na kuweka sahihi kwenye hati ya kiapo, kama wenzangu wa zile maktaba nyingine waliopokea mizigo. Nikisema ukweli, nitaonekana mshiriki wa wizi, nimebakiza miaka miwili nistaafu, na nitakuwa nimemchongea mtu aliyemwogesha mume wangu. Nikisema sikumbuki, tunashindwa kesi kwa kazi ya mikono yangu. Sili vizuri, kazini siongei na mtu, nashona tu. Hata leo asubuhi nimeshona viwili, vya sanduku lililokuja juzi, mkono umezoea. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mshona Vitabu

MSHAURI ANAJIBU

Mwenzangu, weka sindano chini.

Sikwambii kesho. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma haya. Watu wako mahakamani wanatafuta kitabu kimoja tu kilichokuja na gundi, na wewe juzi umeletewa sanduku zima, ukavikalia, ukavishona viwili! Vilivyobaki usiviguse, usivivue jalada. Mwite Mkuu wako avione, afunge sanduku kwa mkono wake na kuandika tarehe, hati ya dereva ikiwa juu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakujua kuna mtu ataziba nyufa zote mpaka jaji aseme ukuta haujawahi kupasuka.

Sasa pumua, maana nina maneno mengi na si yote matamu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimekaa, ya pili nimesimama kwa hasira, na hasira yenyewe haikuanzia kwako. Imeanzia kwa mtu aliyemkuta mama wa watu anatia uzi kwenye sindano, bila kujua anaficha aibu ya kampuni, akatazama, akapiga hesabu, akarudi na katoni. Wewe unaita zawadi. Mimi naita vifaa vya kazi. Alikuajiri bila mshahara, mwenzangu, akakufanya kiwanda chao cha kushonea, na ukamshukuru kwa dua. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kilikuja kimefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Kwamba alimwogesha kaka yake hospitali, hilo ni jema, na lisifutwe kwenye hesabu ya mtu yeyote. Alimwogesha kwa sababu ni kaka yake. Hakumwogesha ili siku moja wewe umsitiri mwajiri wake.

Sasa zamu yako. Ulitia sahihi miaka tisa kwamba mzigo uko kama ulivyoagizwa na hukujua uliagizwaje. Huo ni uzembe, tusiupake asali. Ungekwenda ofisini kwa Mkuu siku moja tu ukauliza, "Mama, hivi vitabu tuliagiza vya namna gani?" tusingekuwa hapa. Hukuuliza kwa sababu kushona kwa siri kulikupa raha, na hilo umelisema mwenyewe, nakupa heshima kwa kulisema. Lakini uzembe na wizi si ndugu hata wa mbali. Mwizi alijua alichokuwa anafanya, wewe hukujua. Tangu siku mliyosomewa mkataba, hata hivyo, unajua, na kila siku unayonyamaza unasogea upande wao hatua moja.

Nimemwuliza mwanasheria anayeandika ukurasa wa pili wa gazeti hili, nikamsimulia bila kutaja mji wala kampuni. Ameniambia kwamba sahihi ya mpokea mzigo haimpi muuzaji ruhusa ya kuuza gundi kwa bei ya uzi, hasa kasoro ikiwa imefichwa chini ya jalada. Ameniambia pia kwamba mtu anayekumbuka akaapa hakumbuki, amesema uongo kwa kiapo, na hapo ndipo kosa linakuwa lako kweli. Na wewe utaapa hukumbuki nini, mama? Umeniandikia idadi ya matundu! Umeniandikia fundo liko ndani! Mimi nisiyejua hata kuvisha sindano uzi, kwa barua yako moja sasa naweza kutambua kitabu kilichoshonwa ubavuni. Kampuni hiyo nzima, pamoja na kisu na kioo chao, inaogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni wewe kufungua mdomo. Ndiyo maana walikuja na mama mkwe.

Kuhusu katoni za uzi, usingoje shemeji yako azitaje. Zitaje wewe, kabla ya swali lolote. Mwambie wakili wako lini ilikuja ya kwanza, nani aliileta, alisema nini, ngapi zimebaki. Kama kuna boksi lenye nembo ya kampuni chini ya meza yako, libebe. Yeye anadhani uzi ule ni kitanzi chako. Hebu fikiri mwenyewe: kampuni inayouza vitabu vilivyoshonwa kiwandani ina sababu gani ya kumpelekea fundi wa maktaba uzi wa kushonea? Mwache ajibu hilo mbele ya jaji, nataka nimwone.

Halafu kuna daftari ulilolipita kama unavyokipita kile kibanda. Miaka mitano iliyopita, kabla kesi haijaota hata kichwani mwa mtu, msomaji alisimama kaunta akasema kitabu hakikushonwa, na mtumishi wa maktaba akaliandika neno hilo kwa mkono wake, na tarehe. Uliliandika ili kumkomoa. Sasa ndilo andiko bora kuliko yote mliyo nayo, kwa sababu hakuna aliyeliandika ili ashinde kesi. Litafute leo. Na umtafute mwenyewe. Vuka barabara, usipeleke kiatu cha kushonwa kama kisingizio, nakujua. Mwambie, "Ulisema kweli, nikakufukuza mbele za watu. Nisamehe." Kadi yake umpelekee mkononi, na pesa uliyomtoza, kutoka mfukoni mwako. Usimwombe ushahidi siku hiyohiyo, atadhani msamaha ni wa mkopo. Akikubali siku nyingine kuja kusema alichokiona, mshukuru. Akikataa, ana haki. Na kama unajua muuaji wa ile riwaya ni nani, kwa jina la Mungu mwambie, miaka mitano ni mingi.

Mama mkwe ameuliza vitabu vya serikali vina mwenyewe. Mjibu kwa heshima, yeye ni mama, lakini mjibu. Mwambie mwenyewe ni fundi viatu. Mwenyewe ni yule mtoto aliyekuja na kikaratasi cha nyumbani kwamba ukurasa wa hesabu umepotea, ukamgombeza. Mwenyewe ni kila mtu wa zile maktaba kumi zisizo na fundi, ambako kitabu kikiachia kinapimwa kwa kilo na rafu inabaki wazi. Huko hawakuwa na mikono yako. Waliibiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa bei, mara ya pili waliponyimwa cha kusoma, na sasa kampuni inataka maktaba zao mbili zifungwe na kuwatumia bili ya kesi juu. Kama damu ni nzito kuliko maji, basi na azungumze na mwanawe huyo mwenye katalogi, amwambie aache kumtumia mke wa kaka yake kama turubali la kufunikia mzigo.

Mume wako mwambie achaji simu yake, kisha umweleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi. Usimwombe achague. Mweleze tu Alhamisi unakwenda wapi na kusema nini, ili asilisikie kwa mdogo wake. Kama ni mtu mzima atakusindikiza. Kama si hivyo, nauli unayo.

Sasa la kazi. Singependa kukudanganya eti hutaguswa. Huenda ukapewa barua ya onyo, huenda wenzako wakanong'ona, huenda Mkuu wako akakaa wiki bila kukusalimu, na atakuwa na haki ya kukasirika, ingawa naye ajiulize ilikuwaje akakaa na mkataba kabatini miaka tisa bila kumwonyesha mtu anayepokea mzigo. Hayo yote yanabebeka. Ila kuna jambo moja ni la haraka: usingoje Alhamisi. Nenda kwa Mkuu kabla, peke yako, na kitabu kimoja kati ya vile ishirini mkononi. Kifungue mbele yake umwonyeshe. Halafu muende wote wawili kwa wakili, mumfundishe yule binti tofauti ya ubavu na katikati mpaka aweze kuieleza akiwa amefumba macho, maana yeye ndiye atakayesimama kuomba ukaguzi urudiwe, safari hii mbele ya mtu wa kazi yenu, si mbele ya mtu wa kioo.

Vile vyeti viache ukutani. Ulivipata kwa kushona vizuri, na ni kweli ulishona vizuri, kiasi kwamba wakili wa adui alikusifu bila kukujua.

Na siku utakayosimama mbele ya jaji, usihutubie wala usilie. Watakuuliza mshono huu ni wa nani. Sema, "Ni wangu." Watakuuliza, ikiwa kitabu kilitoka kiwandani kimeshonwa, kwa nini wewe ukatoboa ubavuni. Waambie, "Kwa sababu katikati hapakuwa na kitu." Halafu kaa, unywe maji, usubiri swali linalofuata.